Ninaanza kununua viazi kwa mtaji wangu: je, Mkristo anaweza kuifanya biashara hii bila lumbesa?

Mchuuzi wa Makambako anauliza:

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Ninaomba ushauri wa watu wanaolijua Neno na wanaoijua biashara ya mazao pia, kwa sababu kila ninapouliza ninapata jibu la upande mmoja tu. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikinunua viazi mviringo katika vijiji vya Makete na Njombe kwa niaba ya mfanyabiashara mwingine, ambaye ndiye aliyetoa fedha na kuamua namna ya kufungasha. Msimu unaokuja ninaanza kununua kwa fedha zangu, sehemu yake ikiwa akiba na sehemu nyingine mkopo wa kikoba, na kwa mara ya kwanza uamuzi wa kipimo utakuwa mikononi mwangu.

Kwa wasioifahamu kazi hii, lumbesa hutengenezwa hivi. Gunia hujazwa mpaka mdomoni, likashindiliwa na kusukwasukwa, kisha badala ya kulishona hapo, kijana wa kufungasha huchukua shazia, ile sindano kubwa ya kushonea magunia, na kamba ya manila, akafuma wavu juu ya mdomo huku akipanga viazi vingine safu juu ya safu, mpaka gunia linavaa kilemba. Linaitwa gunia moja na linalipwa kama gunia moja, ingawa ukilipandisha mizanini mara nyingi linavuka kilo 120. Mkulima husimama pembeni akitazama. Wapo wanaoondoka kabla kilemba hakijaanza kufumwa, wakasubiri nyumbani waletewe fedha zao.

Sihitaji kuambiwa kwamba sheria imekataza. Hilo ninalijua, na kila mnunuzi analijua. Ninachohitaji ni kujua namna ya kuishi. Mwenye lori anatoza kwa idadi ya magunia, kwa hiyo mzigo uleule ukifungashwa kwa kilo 100 unanigharimu nauli zaidi. Kizuizini ushuru wa mazao nao unahesabiwa kwa gunia. Nikifika sokoni Dar es Salaam, dalali ataniambia kwamba gunia lisilo na kilemba halina mnunuzi wakati majirani zangu wamepanga yenye vilemba. Kijijini nako mshindani wangu atataja bei kubwa kwa gunia, nami nikitaja bei ya gunia halali nitaonekana ndiye mnyonyaji.

Jumapili moja nikiwa kijijini niliingia kanisani, na wakati wa Chakula cha Bwana nikapiga magoti karibu na mama ambaye siku iliyotangulia vijana wetu walikuwa wamefungasha viazi vyake. Tangu hapo swali hili haliniachi. Ninaimba kwaya, ninatoa fungu la kumi, ninahudhuria maombi ya katikati ya wiki. Lakini ninaona wazi kwamba mahali ambapo maisha yangu ya Kikristo yatapimwa ni pale shambani, mbele ya gunia. Naombeni mawazo yenu.

Mzee wa Bukoba:

Amina, mwanangu. Swali lako ni zuri, na ninafurahi kwamba umeliuliza kabla ya msimu kuanza.

Torati haikuliacha jambo hili lijadiliwe. Kumbukumbu la Torati 25:13–16 linakataza mtu kuwa na mawe mawili ya kupimia mfukoni mwake, kubwa na dogo, na linayaita matendo hayo machukizo kwa Bwana. Itazame vizuri biashara yako. Gunia unalonunulia ni kubwa kuliko kawaida, na likifika mjini linafunguliwa na kuuzwa kwa visado na mafungu madogo. Hayo ndiyo mawe mawili yenyewe, hata kama hakuna jiwe linaloonekana. Nabii Amosi, katika sura ya 8, anawataja watu waliokuwa wakingoja sabato ipite upesi ili wafungue ghala zao na kupunguza kipimo; walikuwa watu wa ibada, tena walioitunza siku yenyewe.

Nilikulia miongoni mwa watu wa Uamsho. Moto ule uliowaka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930, ukaenea Uganda na kufika huku kwetu Bukoba, ulijulikana kwa jambo moja ambalo leo halizungumzwi sana: watu walirudisha. Mtu akiokoka alikuwa akirudi kwa mwajiri wake na vitu alivyovichukua, akalipa madeni aliyokuwa ameyakana, wengine mbele ya majirani waliowafahamu tangu utotoni. Walimsoma Zakayo katika Luka 19 na kuelewa kwamba wokovu ulipoingia nyumbani kwake uligusa hesabu zake siku ileile. Nakusihi uanze biashara yako katika hali ambayo hutakuwa na cha kurudisha baadaye. Ukikosa njia ya kuifanya kwa haki, iache. Mungu hana uhaba wa kazi za kukupa.

Dalali, Ilala:

Mzee wangu, shikamoo. Naheshimu uliyoyaandika, lakini naomba nizungumze kama mtu aliye sokoni kila alfajiri, tena Mkristo.

Dada, usifanye uamuzi utakaokufilisi katika msimu wa kwanza. Lumbesa hukuianzisha wewe, na ukiiacha peke yako haitaondoka. Mnunuzi wa rejareja anapofika hapa, anatazama kilemba kwanza, kwa kuwa faida yake iko humo. Gunia lililoshonwa mdomoni analipita. Viazi vikikaa siku chache kwenye joto la Dar vinaanza kulainika, na ukija kuuza unauza kwa hasara, kisha kikoba kinakudai. Watoto wako watakula nini? Biblia inasema pia kwamba asiyewatunza walio wake ameikana imani.

Tena desturi yetu ya Kiafrika inayo nyongeza. Mtu akinunua fungu la nyanya anaongezewa moja au mbili, wala hakuna anayesema ameiba. Bwana mwenyewe katika Luka 6:38 alitaja kipimo cha kujaa na kushindiliwa na kusukwasukwa hata kumwagika. Mimi naiona lumbesa kuwa nyongeza iliyozoeleka, na mkulima anajua kabisa kwamba anauza gunia la namna hiyo. Bei anayoitaja tayari imezingatia kilemba. Nia yangu ni kukuepusha na maumivu.

Binti wa Makete:

Kaka Dalali, ninakujibu kwa heshima, kwa sababu viazi unavyovipokea alfajiri Ilala huenda vimechimbwa na mama yangu.

Aya uliyoitaja nimeisikia mara nyingi vinywani mwa wanunuzi, na huwa inaniumiza. Isome tangu mwanzo: inaanza na kuwaambia watu watoe. Kipimo cha kumwagika ni cha yule anayetoa, na hakuna mahali Bwana alipomruhusu anayepokea kukifuma kwa kamba. Mama yangu akimwongezea jirani viazi vitatu juu ya kisado, mkono unaotoa ni wake, naye anaweza kuacha kuongeza asipopenda. Mnunuzi anapoleta magunia yake, vijana wake na shazia yake, na lori linangoja barabarani wakati mvua inatishia kuharibu njia, mama yangu hana nafasi ya kukataa. Akikataa, viazi vilivyokwisha kuchimbwa vinabaki kwenye udongo.

Ama kuhusu kwamba bei imezingatia kilemba, tufanye hesabu. Tuseme mmekubaliana shilingi 70,000 kwa gunia. Likiwa na kilo 100, mkulima amelipwa shilingi 700 kwa kilo. Likiwa na kilo 130, amelipwa takribani shilingi 538. Katika magunia kumi ametoa kilo 300 za ziada, yaani magunia matatu kamili ambayo hayapo kwenye hesabu ya mtu yeyote. Magunia hayo matatu yalitumia mbegu na mbolea, yakapigiwa dawa ya ukungu, na vibarua wakalipwa kuyachimba. Kama bei ingekuwa kweli imezingatia kilemba, kingekuwa na ukubwa unaojulikana. Lakini kilemba kinakua kadiri mkulima anavyoonekana kuwa na shida. Mwenye mgonjwa nyumbani hufumiwa kirefu kuliko wote.

Na kuna mtu ambaye hakuna aliyemtaja hapa, naye ni mbebaji. Kijana anayepandisha gunia la kilo 130 kwenye lori kwa mgongo wake, kisha mwenzake wa sokoni anayelishusha, hawakuwepo wakati bei ikipangwa. Nawafahamu wanaume wa kijijini kwetu ambao migongo yao imekwisha kabla ya kufika uzee. Ukiuliza jirani yangu ni nani katika biashara hii, usisahau kumhesabu huyo.

Mzee wangu wa Bukoba, nakubaliana nawe isipokuwa katika neno la mwisho. Dada huyu akiiacha kazi, atakayekuja kijijini kwetu ni mwenye shazia ndefu zaidi. Tunamhitaji abaki.

Rafiki wa Kaimosi:

Nawasalimu kutoka magharibi mwa Kenya. Sisi huku tulishuhudia serikali ikiweka kanuni za viazi mwaka 2019, kwamba mfuko usizidi kilo 50, na bado mifuko iliyoongezwa juu ingali inapita barabarani. Nasema hivi kwa kuwa wengi hungojea sheria iwafanyie uamuzi. Huko kwenu pia Sheria ya Vipimo ipo, Wakala wa Vipimo upo tangu mwaka 2002, na kiwango cha kilo 100 kinafahamika; kilichokosekana ni wanunuzi walioamua.

Mimi ni wa Kanisa la Marafiki (Quakers), ambalo wamisionari kutoka Marekani walilileta Kaimosi mwaka 1902. Katika historia yetu kuna jambo linalolingana sana na swali lako. Marafiki wa kwanza wa Uingereza, katika karne ya 17, walikataa kutaja bei ya juu ili wapunguze kwa mabishano, kama ilivyokuwa desturi ya masoko yote ya wakati ule. Waliona kwamba kutaja bei usiyoikusudia ni kusema uongo, na Bwana alikwisha kuagiza kwamba ndiyo iwe ndiyo. George Fox, mwanzilishi wa Marafiki, ameandika kwamba mwanzoni wafanyabiashara hao walipoteza wateja, kiasi kwamba wengine walikosa hata fedha za kununulia mkate. Baadaye watu walipowazoea, wakajua kwamba hata mtoto akitumwa dukani kwao atauziwa sawasawa na mtu mzima, wakarejea kwa wingi. Naitaja sehemu ya kwanza kwa makusudi, kwa maana wahubiri wengi huruka moja kwa moja hadi kwenye wingi wa wateja. Kulikuwa na kipindi cha njaa katikati, na waliokivuka walikivuka kwa kusaidiana kama kanisa. Basi mwulize mchungaji wako na kikundi chako cha maombi kama wako tayari kukushika mkono msimu wa kwanza, kwa fedha na si kwa dua pekee.

Kuhusu kuiacha kazi, mimi humsoma Yohana Mbatizaji katika Luka 3. Watoza ushuru walimwuliza, “Tufanye nini sisi?” Naye hakuwaambia wakaishi naye jangwani. Aliwaambia wasitoze kitu zaidi ya walivyoamriwa. Askari nao aliwaambia wasidhulumu mtu, na watoshewe na mishahara yao. Kila mmoja alirudishwa mahali pake pa kazi akiwa na agizo moja dogo, linaloweza kupimwa, linalohusu kitu alichokishika kila siku. Wewe agizo lako limeandikwa kwenye gunia.

Baba Neema, Mabibo:

Dada, nimesoma yote. Mimi ninanunua viazi kwa kilo na ninaishi kwa kazi hiyo, kwa hiyo nitasema jinsi inavyofanyika, maana nia njema isiyo na mpango huwa haivuki jioni ya kwanza.

Maamuzi mengi mabaya ya kazi hii hufanyika saa mbili usiku, lori likiwa limewashwa, dereva anapiga honi, nawe umechoka. Saa hiyo usitegemee kwamba utapata hekima. Yakobo anatuambia aliyepungukiwa na hekima aiombe kwa Mungu, nami nimejifunza kuiomba mapema, nikiwa nyumbani na daftari. Ukishapatana bei kwa kilo na kununua mizani, jambo la kilemba linakuwa limekwisha kuamuliwa, kwa sababu mtu anayelipwa kwa kilo hana sababu ya kubishana juu ya urefu wa gunia.

Nunua mizani imara ya jukwaa, uipeleke kwa Wakala wa Vipimo ihakikiwe na kubandikwa stika, na kila mwaka uirudishe. Iweke mahali mkulima anapoweza kuisoma mwenyewe. Pima gunia tupu kwanza mbele yake. Andika kilo katika daftari lenye karatasi ya nakala, umpe ya kwake. Wazee wasiosoma watakuja na wajukuu wao, nawe uwasubiri.

Nauli usiipatane kwa gunia. Tafuta mwenye lori atakayekubali kutoza kwa tani au kukodisha gari zima. Wapo, hasa wanaorudi Dar wakiwa watupu baada ya kupeleka bidhaa za dukani nyanda za juu. Hapo magunia yawe themanini au mia, gharama ni ileile. Ushuru utapanda kidogo kwa sababu magunia ni mengi, na hilo ulipe tu bila kujificha, ulihesabu ndani ya bei yako tangu mwanzo.

Sasa soko. Ndugu yangu wa Ilala amesema kweli kuhusu wachuuzi wa rejareja, na mimi sikuwashinda. Niliwaacha. Nilikwenda kwa wakaanga chipsi, kwenye migahawa, na kwenye shule za bweni. Mkaanga chipsi anajua kilo moja inatoa sahani ngapi, na kinachomuumiza ni viazi vilivyochubuka. Kumbukeni kwamba gunia linaposhindiliwa kwa miguu, viazi vya katikati vinapondeka na kuanza kuoza njiani, na vile vya kwenye kilemba vinavyopigwa na jua vinageuka kijani, navyo si salama kuliwa. Gunia lililoshonwa mdomoni bila kushindiliwa linafika na taka kidogo sana. Wateja hawa hawakutazama kilemba, walitazama walichokitupa. Iliwachukua muda kuniamini, na mwanzoni niliwauzia magunia machache machache huku sehemu nyingine ya mtaji nikiwa nimeiacha benki.

Neno la mwisho ni kuhusu mkopo. Usiingize mkopo wote wa kikoba kwenye safari ya kwanza. Mtu anayedaiwa wiki hii atauza kwa namna yoyote wiki hii, na nimewaona ndugu wema wakirudi kwenye lumbesa kwa sababu ya tarehe ya marejesho tu. Kiasi cha deni unalolichukua leo ni uamuzi wa kiroho kuliko tunavyodhani.

Dalali, Ilala:

Binti wa Makete, nimeisoma hesabu yako zaidi ya mara moja. Kuhusu Luka 6:38 sina la kukujibu. Bado nina hofu juu ya soko, lakini nasema hivi: dada akileta magunia yaliyopimwa na kuandikwa uzito, nitayatafutia wanunuzi wa jumla wa migahawa bila kuyachanganya na mzigo mwingine. Baba Neema, nitakutafuta hapo Mabibo tuzungumze.

Mchuuzi wa Makambako:

Nimepokea, nami ninawashukuru nyote, Mzee wangu wa Bukoba wa kwanza, kwa kuwa ukali wako umenisaidia kuacha kutafuta njia ya katikati. Nimeamua kununua kwa kilo. Nitaanza na nusu ya akiba yangu na sehemu ndogo ya mkopo, na viongozi wa kikoba wamekubali marejesho yangu yaanze baada ya mzigo wa kwanza kuuzwa. Mchungaji nimemweleza, atalileta jambo hili kwenye kikao cha wanawake, kwa sababu kumbe tuko kadhaa usharikani tunaofanya biashara ya mazao na hakuna aliyewahi kulisema kwa sauti.

Limebaki swali moja, nalo ninamwelekezea Binti wa Makete. Mshindani wangu atafika kijijini akitaja shilingi 80,000 kwa gunia la kilemba, nami nitataja shilingi 650 kwa kilo. Masikioni mwa mkulima elfu themanini ni fedha nyingi kuliko mia sita na hamsini. Nitazungumzaje naye bila kuonekana ninamhubiria au ninamsema vibaya mwenzangu?

Binti wa Makete:

Dada, usianze na bei kabisa. Fika siku ya mkutano wa kijiji au ya ushirika wa wakulima, uombe ruhusa kwa mwenyekiti, uweke mizani yako chini ya mti na uwaache watu wapime watakacho: mahindi, mbolea, hata watoto wao. Kisha mwombe mkulima mmoja ambaye ana gunia la kilemba lililokwisha kufungashwa alilete lipimwe. Usiseme lolote. Wataisoma namba wenyewe, na vijana wana simu, watagawanya. Elfu themanini kwa kilo 135 ni chini ya mia sita. Hesabu hiyo iache itoke vinywani mwao.

Wapo watakaoendelea kumuuzia mwenzako, hasa wale aliowakopesha mbegu, na usiwalaumu. Kwa mama yangu unaweza kufika wakati wowote baada ya mavuno kuanza. Nimekwisha kumwambia, naye ameuliza jambo moja tu, kama mizani hiyo itapima pia viazi vidogo vya mbegu, maana hivyo wanunuzi huwa wanavichukua bure.

Mchuuzi wa Makambako:

Mwambie vitapimwa, na vitakuwa na bei yake kwenye karatasi.